Tovuti ya mitihani ya majaribio, namba ya bibi yake mtoto mnaitakia nini?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Binti yangu yuko darasa la saba. Mwezi uliopita nikamsajili kwenye tovuti moja ya mitihani ya majaribio, majirani hapa Ngamiani waliisifia sana. Fomu yenyewe sasa! Jina la mtoto, shule, picha, namba yangu ya NIDA, jina la ukoo la mama yake, halafu ndugu wa kupigiwa wakati wa dharura. Dharura gani kwenye maswali ya hisabati? Ukiacha wazi inawaka nyekundu, huendi mbele. Nikajaza, mjinga mimi. Kwenye ndugu nikaandika "Bibi Mkunazi". Ndivyo wanangu wanavyomwita mama yangu kwa ajili ya mti ulioko uani kwake, wasimchanganye na bibi yao wa Pangani.

Jumamosi bimkubwa kapigiwa simu. "Shikamoo Bibi Mkunazi, mjukuu wako kaanguka shuleni, tumemkimbiza hospitali ya Bombo, inatakiwa laki mbili ya kipimo sasa hivi." Jina la mtoto wanalo, shule wanaitaja. Mama katoka na kanga moja mpaka kwa wakala, mikono inatetemeka, kasahau kabisa kuwa siku hiyo hakuna shule. Kijana wa wakala, Mungu amzidishie, akamwambia: "Bibi, mjukuu wako si huyo hapo, nimemuuzia ubuyu sasa hivi?" Mtoto kakaa barazani, mdomo mwekundu.

Hilo jina la Bibi Mkunazi sijaliandika popote zaidi ya kwenye ile fomu. Hata kwenye simu yangu nimemsevu "Mama".

Na hiyo NIDA tunavyoigawa kama karanga! Tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ukimpa mtu namba umeshampa na umri.

Nimewaandikia wafute kila kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, inatumika tangu Mei 2023, na inataka ukusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi uliyoitaja. Jibu lililokuja: "Hongera kwa kujiunga nasi!"

Namba ya tapeli nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Wiki hii napeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuna aliyewahi kupeleka? Uliambatanisha nini? Maana bimkubwa sasa hapokei simu, hata yangu.