Naombeni ushauri: nahamisha bakapu kwenda eksteno mpya, imekwama katikati

Ngojangoja
Wakuu habari za muda huu. Nina eksteno (diski ya nje ya kuchomeka) ya zamani ya TB 1 imejaa pomoni, ndani kuna bakapu za laptopu yangu ya Windows 10 tangu 2017, yaani kuna folda linaitwa FileHistory, kuna jingine WindowsImageBackup, halafu kuna mapicha na mavideo niliyokuwa nayatupia humo kila simu ikijaa. Sasa nimepata mpya ya TB 2 nikasema leo nahama. Nikaselekti kila kitu, nikakati, nikapesti kwenye mpya, nikaenda kulala. Asubuhi nakuta ujumbe eti faili ni kubwa mno kwa mfumo wa diski hiyo, wakati nafasi tupu ipo zaidi ya TB 1 na nusu! Kuangalia vizuri inasema FAT32, kumbe ndugu yangu aliifomati hivyo ili isome kwenye TV. Sasa vitu vingine viko kwenye mpya, vingine vimebaki kwa ya zamani, sijui hata kipi kiko wapi. Na ya zamani siku hizi ukiichomeka inatoa kasauti tik... tik... halafu inatulia. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Chapchap
Rahisi sana mkuu. FAT32 haibebi faili moja inayofika GB 4 hata diski iwe tupu kabisa. Raiti kliki hiyo mpya, fomati, chagua NTFS, yaani mfumo mwingine wa diski usio na kikomo hicho, dakika moja umemaliza, pesti upya.

FundiPembeni
NGOJANGOJA USIFOMATI CHOCHOTE!! Chapchap soma uzi vizuri ndugu yangu, mtu KAKATI hajakopi. Vilivyokwisha kuhamia havipo tena kwenye ile ya zamani, viko kwenye hiyo mpya peke yake. Akifomati vimekwenda na maji.

Mkuu kwanza tuambie vilivyohamia ni GB ngapi, na laptopu yenyewe ina nafasi kiasi gani?

Chapchap
Duh kweli, sikuona hapo kwenye kukati. Niwieni radhi.

Ngojangoja
Nimesoma hiyo ya kufomati mkono ukiwa tayari kwenye mausi jamani 😩 Zilizohamia ni GB 140 hivi, laptopu ina GB 90 tupu. (Na mimi ni dada, ila mkuu nimeupokea.)

FundiPembeni
Haya dada. Kwenye hizo GB 140 toa picha na video zako tu, kopi kwenye laptopu, nadhani zitaenea. Usizirudishe kwenye ya zamani hata kama sasa ina nafasi, hiyo inayolia tik siiamini. Ukimaliza hapo hata huhitaji kufomati, Windows inaweza kugeuza FAT32 kuwa NTFS na vitu vikiwa ndani vilevile. Fungua Command Prompt kama administrator, tuseme mpya ni F, uandike

convert F: /fs:ntfs

Itakuuliza jina la diski, yaani lile linaloonekana pembeni ya herufi F, uliandike kama lilivyo. Mimi nimefanya hivyo mara kadhaa haijanigomea, ila kukopi kwanza ni lazima, maana umeme ukikatika katikati ya hiyo kazi hakuna wa kumlaumu.

KisikiKikavu
Mimi hiyo tik ndiyo inanitia wasiwasi kuliko mengine yote. Shusha CrystalDiskInfo, ni ya bure, angalia mstari wa 05 na wa C5. 05 ni sehemu za diski zilizokufa zikabadilishwa, C5 ni zile zinazosubiri, yaani diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa. Zote zikiwa sifuri shukuru. Kama C5 ina namba, acha mambo ya kuihangaisha kucha kutwa, chukua kwanza kile ambacho hakipatikani popote pengine. Picha na video zitangulie, FileHistory, yaani nakala za mafaili yako, ifuate, na WindowsImageBackup iwe ya mwisho kabisa kwa sababu ile ni sura ya mfumo mzima, ukiikosa unatengeneza nyingine leo hii hii maana laptopu si inafanya kazi?

Halafu hiyo WindowsImageBackup ndiyo iliyokukwamisha, ndani yake kuna mafaili ya VHDX, yaani diski nzima ikiwa faili moja, makubwa balaa.

Ngojangoja
05 iko sifuri, C5 ina 8. Programu imeandika Caution kwa njano.

KisikiKikavu
Basi usilale juu yake. Leo leo.

FundiPembeni
Na usitumie kupesti tena, tumia robocopy, ni amri ya kukopi, imo ndani ya Windows tayari. Anza na folda la picha, mfano ya zamani ikiwa E:

robocopy E:\Picha F:\Zamani\Picha /E /R:1 /W:1 /LOG:C:\Users\Public\picha.txt

Hiyo R na W ni muhimu sana kwa diski mgonjwa, usipoziweka robocopy itajaribu faili moja mbovu mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara, utazeeka hapo. Picha zikiisha ndio unachukua E:\ nzima kwenda F:\Zamani, zilizokwisha kwenda itaziruka yenyewe. Ukiona mtu mtandaoni kakwambia weka /MIR achana naye kwa sasa, ile inafuta kwenye diski mpya kila kisichokuwepo kwenye ya zamani.

Waya_Mfupi
Samahani naingilia. Dada unatumia kebo ipi? Nauliza kwa sababu eksteno nyingi zina tundu pana lenye sehemu mbili, na kichwa cha zile kebo za simu za zamani kinaingia vizuri kabisa kwenye nusu yake, inafanya kazi, ila kwa mwendo wa USB 2 ambao ni kama MB 35 kwa sekunde. Kwa mzigo wako ni saa sita na zaidi. Kebo yake yenyewe kwenye tundu la USB 3 la laptopu, mara nyingi ni lile la bluu kwa ndani, inafika MB 100, yaani saa mbili na kitu. Diski inayokufa unataka ikae kwenye moto muda mfupi.

Ngojangoja
Waya_Mfupi wewe ni mganga? 😂 Nilikuwa natumia ya simu kweli, ile yake iko kwenye boksi haijafunguliwa hata plastiki.

Ngojangoja
Mrejesho wakuu. Kukopi kwenye laptopu tayari, convert imekubali, picha zimekwenda. Nikaanzisha E:\ nzima, imemaliza, nikafungua F... folda la Zamani HALIPO. Nafasi imetumika, folda hakuna. Nimekaa chini.

FundiPembeni
Hahaha pole, kosa langu nilisahau kukwambia. Ukikopi kuanzia mzizi wa diski, yaani E:\ yenyewe, robocopy inachukua na tabia za mzizi, na mzizi wa diski huwa umefichwa na mfumo. Folda lipo, limejificha tu. Andika

attrib -h -s F:\Zamani

Ngojangoja
Limerudi!! Mungu akubariki. Sasa ile jedwali ya mwisho kwenye FAILED imeandika 1 kwa mafolda na 2 kwa mafaili.

FundiPembeni
La folda bila shaka ni System Volume Information, hilo halikuhusu. Mafaili mawili yatafute kwenye logi kwa neno ERROR. Halafu WindowsImageBackup ulitoe ndani ya Zamani ulihamishie juu kabisa ya F, likikaa ndani ya folda jingine Windows hailioni siku ukitaka kurudisha. Kwa FileHistory nenda kwenye mpangilio wake uchague diski mpya ianze upya, za zamani ziache kama ghala tu, zile zinafunguka kama faili za kawaida, zina tarehe na saa mwishoni mwa jina. Fungua kama kumi hivi za miaka tofauti uone. Na TV itafutie flashi yake, bakapu isizungukezunguke sebuleni.

Ngojangoja
Nimefungua za 2017 mpaka za juzi, ziko sawa, hata barua ya maombi ya kazi niliyodhani ilipotea. Mafaili mawili yalikuwa video, moja nimejaribu tena ikatoka, nyingine inafika nusu diski inaanza tik.

KisikiKikavu
Ichomoe. Kama hiyo video unaihitaji kweli kuna programu inaitwa ddrescue ya kwenye Linux, inachota panaposomeka kwanza halafu ndio inarudi kwenye mabovu, tutakuelekeza. Ina nini?

Ngojangoja
Nimekumbuka kwa jina lake. Ni dakika nne za mvua dirishani, nilisahau kuzima kamera. Naichomoa.