Kamati ya mtaa Mji Mkongwe, Zanzibar: tuanzie wapi kabla ya masika?

MkaaziKiponda

Assalaam alaykum. Mtaani kwetu kuna nyumba tisa za mawe zilizoshikana ukuta kwa ukuta, za ghorofa mbili na tatu. Nne ni za wakfu, mbili za Serikali, tatu za watu binafsi, na karibu kila ghorofa ina familia yake. Tunaunda kamati ya kuzitunza. Wengi wanataka mchango wa mwanzo uende kwenye rangi ya mbele na kuziba nyufa kwa saruji, mtaa upendeze. Mpango huo unanitia wasiwasi ila hoja za kiufundi sina. Wanaojua watwambie: kazi zipi wakaazi wanaweza kuzifanya wenyewe, zipi ni za mwashi na kibali, na gharama za paa zigawanywe vipi ikiwa mtu wa chini anasema halimhusu?

ChokaaNaUdongo

Wa alaykum salaam. Rangi iwekeni mwisho kabisa. Nyumba hizi huangushwa na maji, na maji mengi huingilia juu. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa udongo mwekundu na chokaa, unene nusu mita au zaidi. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Vichwa vya boriti vimelala ndani ya ukuta. Ukuta ukilowa, kichwa kinaoza huko ndani na katikati ya boriti inabaki nzima. Ukiangalia juu huoni kitu.

Kwa hiyo mchango wa mwanzo nunueni ngazi ndefu, kamba, ndoo na fagio. Hakuna atakayewadai kibali cha kufagia paa. Kazi ifanyike mwezi wa Februari, kabla masika hayajafungua Machi.

Safisheni majani na taka kwenye mifereji ya paa na midomo ya mabomba ya mvua. Kisha mmoja abaki juu amwage ndoo ya maji kwenye kila mdomo, mwingine asimame chini uchochoroni. Maji yakichelewa kutoka, au yakatoka pembeni ya bomba na kuteremka na ukuta, hapo ndipo penye kazi. Bomba moja lililopasuka linaozesha boriti za ghorofa zote zilizo chini yake, maana huulowesha ukuta uleule kutoka juu hadi chini.

Miche inayoota kwenye nyufa, hasa jamii ya mkuyu, msiing'oe kwa nguvu kama mzizi umeshakuwa mnene kama kidole. Mzizi utatoka na mawe. Ikateni, mchimbue mzizi kidogo kidogo, kilichobaki aje mwashi akitoe anapojenga upya sehemu hiyo.

Angalieni pia maji ya viyoyozi na ya vyoo. Kwa unyevu wetu kiyoyozi kimoja hutoa lita kadhaa kwa siku, na mara nyingi kijibomba chake kimeachwa kikidondokea ukuta wa jirani. Kipande cha bomba la plastiki hadi kwenye karo inamaliza kesi.

Kisha boriti. Chukueni bisbisi, mchome kila boriti pale inapoingia ukutani, si katikati. Mkoko mzima ni mgumu, bisbisi haingii. Ikizama sentimita moja au zaidi, andikeni chumba hicho, watu wasilale humo, na muite mwashi.

Bi_Daftari

Naongezea upande wa watu, maana hapo ndipo kamati nyingi huvunjika kabla hata ya ngazi kununuliwa.

Kwanza, mkutano msiufanyie barazani baada ya sala ya Isha peke yake. Watakuja wanaume. Wanaojua dari inavuja wapi, tangu lini, na mvua ya upande gani, ni wanawake wanaotega masufuria chini yake. Fanyeni wa pili ndani ya nyumba, alasiri, na kila ghorofa itoe mtu mmoja, awe mpangaji au mwenye nyumba. Mwenye duka la chini naye awemo. Sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa, ajulishwe kwa maandishi tangu mwanzo.

Pili, mifuko iwe miwili, isichanganywe. Wa mtaa ni wa vitu vya pamoja: ngazi, shimo la chokaa, turubali. Wa nyumba ni wa paa na mabomba ya nyumba hiyo tu. Mkiweka fedha zote chungu kimoja, nyumba iliyo nzima itajiona inalipia iliyochakaa, na mwezi wa tatu hakuna atakayetoa.

Kuhusu anayesema paa halimhusu: msigawe kwa kichwa wala msimtwishe wa juu peke yake. Gaweni kwa ukubwa wa eneo analokaa kila mmoja. Mfano nyumba ina mita za mraba 240, duka linachukua 60, basi duka linalipa robo ya paa. Mwenye duka akibisha mpandisheni juu akaone bomba la mvua linalopita nyuma ya rafu zake.

Tatu, na hili ni muhimu kwa nyumba za wakfu na za Serikali: mpangaji asitoe shilingi kwenye boriti, ukuta au paa kabla hajaandikiana na mwenye nyumba. Kwa wakfu ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Barua itaje kazi, makadirio ya mwashi, na kama gharama itakatwa kwenye kodi, itakatwa kiasi gani kwa mwezi. Ukitengeneza kwanza ukadai baadaye, umetoa sadaka.

Kibali ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mamlaka ipo tangu 1985, sheria yake ilifanywa upya 2010, na mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Chochote kinachogusa ukuta, paa, dirisha, mlango au sura ya mbele, pelekeni maombi kabla. Kamati ikipeleka maombi ya nyumba tisa kwa pamoja, yenye picha na michoro ya mkono, mkaguzi atazipitia kwa safari moja.

Zege_Tupu

Kwa heshima zote, chokaa inakula muda. Mtu ana ufa leo, nyie mnamwambia asubiri miezi. Saruji mfuko mmoja, fundi yeyote, kesho imekauka. Zipo nyumba zimepigwa saruji miaka mingi na zimesimama.

ChokaaNaUdongo

Zimesimama, ndiyo. Gonga hiyo saruji kwa kifundo cha kidole, hasa mita moja ya chini. Ikitoa sauti ya utupu, imeshaachana na ukuta.

Ukuta wa matumbawe na udongo huvuta maji kutoka ardhini na hewani, na chumvi yake. Chokaa ina vitundu, maji yanatoka na chumvi inabaki usoni, unaifagia. Ukiziba kwa saruji maji hayaachi kuingia, ila hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, na chumvi inakomaa nyuma ya plasta, inavimba, inasukuma. Udongo wa ndani unageuka unga. Isitoshe saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe: nyumba ikicheza kidogo, plasta inapasuka nyufa nyembamba kama uzi, mvua ya kusi inaingia humo na haitoki.

Lakini msikimbilie kubandua saruji yote. Iliyoshika imara ukiing'oa inaondoka na uso wa jiwe. Bandueni iliyoachana tu.

Jambo jingine ni uzito. Paa la kale likivuja watu humwaga tabaka la saruji juu yake. Sentimita 5 ni takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 umekibebesha karibu tani 2, juu ya boriti ambazo vichwa vyake vimeshalowa. Miaka mitano baadaye panavuja tena, linaongezwa tabaka jingine.

Muda wa chokaa ndio sababu ya kuwa na shimo la pamoja. Chimbeni au jengeni birika la mita moja kila upande, kwenye uwanja unaofungika, watoto wasifike. Chokaa ya tanuni izimwe ndani ya maji, yaani chokaa itiwe kwenye maji kidogo kidogo, si maji kwenye chokaa. Inachemka na kurusha. Miwani ya kazi na glavu ni lazima, ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikimwingia mtu jichoni, lioshwe kwa maji mfululizo huku anapelekwa hospitali. Ikishazimwa ichujwe, ifunikwe kwa maji kiasi cha kiganja, na ikae wiki 4 kwa kazi ya kujengea, miezi 3 kwa plasta. Haiharibiki ikiwa chini ya maji, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Mkianza sasa, nyumba inayohitaji kiraka mwakani inachota.

Mchanganyo: debe 1 la chokaa kwa madebe 3 ya mchanga. Mchanga wa pwani haufai, una chumvi. Ukuta ulowanishwe kwanza. Tabaka lisizidi sentimita 1, na kati ya tabaka na tabaka ipite wiki angalau. Wakati wa jua la kaskazi tundikeni magunia mabichi mbele yake, likikauka haraka linatoka vumbi. Mwisho ni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila siku mkono mmoja. Hiyo ndiyo rangi yenu. Rangi ya plastiki inaziba kama saruji.

Na mchunge fundi asiongeze saruji "kidogo tu" ili amalize mapema. Baada ya wiki kwaruza kwa msumari: chokaa bado inachubuka, ya saruji haichubuki. Akianza, apige kiraka cha mfano cha nusu mita, mkikubali ndiyo aendelee. Malipo kwa awamu.

MkaaziKiponda

Ahsanteni sana. Mawili yamebaki. Nyumba moja ina ufa juu ya mlango wa kuchonga, hatujui kama ni wa zamani au unakua. Nyingine imewekwa tangi la lita 1,000 juu ya paa, na boriti mbili zilizo chini yake bisbisi imezama.

Bi_Daftari

Ufa: bandikeni viraka viwili vyembamba vya plasta ya jasi juu yake, kimoja juu kimoja chini, na muandike tarehe. Kikipasuka, ufa unatembea. Pigeni picha pale pale kila mwezi, na rula ikiwa imewekwa kando yake. Msiuzibe mpaka ijulikane. Daftari hilo ndilo litakalowapa nguvu mbele ya mwenye nyumba.

ChokaaNaUdongo

Tangi limwagwe leo, kabla ya kikao chochote. Likijaa ni tani 1 imekaa mahali pamoja. Likirudishwa likae juu ya ukuta mnene, si katikati ya boriti, au literemshwe uani na pampu ipandishe.

Kwa boriti zile mbili: wekeni nguzo za muda, zenye bao refu juu linaloshika boriti kadhaa na bao jingine chini. Na nguzo zishuke ghorofa kwa ghorofa, moja juu ya mwenzake, hadi ardhini. Ukiegemeza ya juu peke yake umehamishia mzigo kwenye dari ya jirani wa chini. Hata hii asimamie mwashi au mhandisi, na wakaazi wa pande zote mbili watoke wakati wa kuinua. Sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jengo la 1883 hapahapa Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Boriti mpya zinunuliwe zilizo na kibali cha misitu, zilizokauka na kutolewa magome. Vichwa visizamishwe kwenye saruji. Vijengewe kwa chokaa na viachiwe nafasi ndogo ya hewa.

Mkishamwaga tangi, tumeni picha ya ufa wa mlango hapa, ioneshe na ukuta wa ghorofa ya juu yake.