Mapovu ya Abraham Lake kwenye -30: DSLR au kamera isiyo na kioo?

LenziKavu: Wakuu, shabaha ni mapovu ya methani yaliyoganda ndani ya barafu ya Abraham Lake, Alberta, mwishoni mwa Januari. Alfajiri inaweza kufika nyuzi -30 za Selsiasi, na upepo juu. Kipi kinafaa: DSLR (yenye kioo ndani kinachopeleka mwanga kwenye kitundu cha kuchungulia) yenye betri nene, au isiyo na kioo hicho (mirrorless), nyepesi lakini mlafi wa umeme? Tripodi je, alumini au kaboni?

FundiShata: Kwa chaji, DSLR. Ukitazama kupitia kitundu chake, skrini imezimwa na kihisi mwanga kimelala. Isiyo na kioo inakula tangu unapoiwasha. Kwenye baridi kemia ya betri ya lithiamu inapoa, volti inashuka, kamera inatangaza betri imekwisha wakati bado. Betri hiyo iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, chaji itarudi. Beba tatu za DSLR, au tano za isiyo na kioo, uzizungushe.

BintiBarafu: Fundi, hoja yako ni sahihi kwa anayepiga picha za ndege. Mapovu hupigwa kamera ikiwa sentimita 30 hadi 50 juu ya barafu, lenzi pana ya milimita 16 au 20. Nani atalala kifudifudi kuchungulia kitundu? Utatumia skrini, na hapo DSLR nayo inainua kioo na kuamsha kihisi. Faida imekufa. Isiyo na kioo inakuonyesha histogramu (grafu ya mwanga wa picha) kabla hujabonyeza, jambo kubwa kwenye theluji: kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga kwa +1 hadi +1.7 kwenye kamera.

Piga f/11 (tundu dogo la lenzi), picha 3 hadi 5, ukisogeza fokasi kutoka povu la karibu mpaka milimani, kisha uziunganishe. Filta ya polaraiza inaondoa mng'ao ili povu lionekane, ila kwa lenzi pana hivyo anga litatoka na doa jeusi. Zungusha ukifuata barafu, anga lipige kando bila filta.

Mkaa_Baridi: Naunga mkono isiyo na kioo, kwa sharti moja: betri bandia yenye waya (inaingia mahali pa betri na kuleta umeme kutoka nje), pawabenki ikae ndani ya koti. Hakikisha volti yake inalingana na kamera. Waya uwe wa silikoni. Ule wa plastiki ya kawaida unakakamaa na kupasuka. Na msichaji betri iliyo chini ya sifuri. Lithiamu inajipaka kama chuma kwenye elektrodi, na uwezo unaopotea haurudi.

LenziKavu: Na tripodi?

FundiShata: Kaboni, kama mfuko unaruhusu. Alumini inanyonya joto la mkono hata kupitia glavu; ukibaki nayo, vika sehemu za juu za miguu sponji ya kufunikia mabomba. Zaidi ya hapo, kausha vifungio vya kuzungusha kabla ya safari. Tone moja la maji ndani likiganda, mguu haufunguki. Toa raba za chini ya miguu ya tripodi, weka misumari. Begi la uzito liguse barafu. Likining'inia, upepo unalibembeza na picha inatikisika.

BintiBarafu: Jalidi kwenye lenzi: funga kifuko cha joto kwa raba kuizunguka. Vile vya unga wa chuma vinahitaji hewa, usivifungie ndani ya nailoni.

Mzee_wa_Ziwa: Vijana, mmezungumza kamera tu. Abraham Lake si ziwa la asili, ni maji ya bwawa la Bighorn, la 1972. Maji yakipungua kwa kuzalisha umeme, barafu ya ukingoni inabaki ikining'inia juu ya uwazi na kuvunjika. Kwa hiyo sentimita 15 za barafu angavu, zinazotosha kutembea, hazikuhakikishii ukingo. Barafu nyeupe ihesabu nusu ya nguvu. Pima kwa keekee kila hatua kadhaa, vaa meno ya chuma chini ya viatu, na misumari ya kujiokolea (ya kushika barafu ukitumbukia) ikae shingoni, si kwenye begi.

Mkaa_Baridi: Shikamoo mzee, umesema la maana. Nyongeza ya kurudi: ukiwa bado nje, toa memori kadi na betri, tia kamera kwenye mfuko wa zipu, kamua hewa, funga. Ndani uache saa 3 au 4 bila kufungua, ili unyevu utue juu ya nailoni, si nyuma ya lenzi. Picha utaziona mapema, kadi si unayo mkononi.