Mjadala: Barabara ya mchepuko na huduma za ustawi wa jamii zijibiwe katika kikao kimoja

Wakazi wanapokutana na madiwani wao kujadili pendekezo la barabara ya mchepuko, yaani barabara inayouzunguka mji badala ya kupita katikati yake, maswali huja ya aina mbili. Wapo wanaouliza barabara itapita wapi, mashamba na nyumba za nani zitachukuliwa, fidia italipwa lini na malori yataondoka lini katikati ya mji. Wapo wengine, aghalabu wanaopewa nafasi mwishoni watu wakiwa wameshachoka, wanaouliza kama huduma za nyumbani kwa wazee zitaendelea, kama kituo cha kutwa cha watu wenye ulemavu kitabaki wazi, na kama familia zinazouguza wagonjwa wa muda mrefu zitapata mtu wa kuzipumzisha japo siku moja kwa wiki. Kundi la kwanza huelekezwa kwa mhandisi, la pili kwa ofisa ustawi wa jamii, kisha mwenyekiti hufunga kikao akisema kwamba hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Mimi naamini yanahusiana, na naamini kuwa kuyatenganisha ndiko kunakowafanya madiwani wapige kura bila kuona gharama kamili ya wanachokiamua.

Wanaotaka yatenganishwe wana hoja inayostahili kusikilizwa. Wanasema fedha za ujenzi hutoka katika fungu la maendeleo, mara nyingi zikiwa ruzuku ya serikali kuu au mkopo, na sheria za fedha haziruhusu fungu hilo kulipa mishahara ya wahudumu. Kwa hiyo hata mradi ukifutwa leo, hakuna mzee hata mmoja atakayeongezewa mhudumu. Hoja hiyo ni sahihi hadi siku ya uzinduzi. Kuanzia siku inayofuata, mifereji na makalavati yatahitaji kuzibuliwa, nyasi kufyekwa, taa kulipiwa umeme, mashimo kuzibwa, alama kuchorwa upya na, baada ya miaka kadhaa, tabaka jipya la lami kuwekwa. Kama kulikuwa na mkopo, marejesho na riba navyo vitadaiwa kila mwaka, iwe mapato yamepanda au yameshuka. Pale ambapo gharama hizo ni za halmashauri, hulipwa kutoka fungu la matumizi ya kawaida, ambalo ndilo hilo hilo linalomlipa mhudumu anayekwenda asubuhi kumsaidia mzee kuoga na kumeza dawa zake.

Hata pale ambapo barabara mpya inabaki mikononi mwa wakala wa kitaifa, tusishangilie mapema. Mara nyingi barabara ya zamani inayopita katikati ya mji huteremshwa hadhi na kukabidhiwa halmashauri, pamoja na madaraja yake ya miaka mingi na lami iliyochoka. Swali la kwanza kwa waheshimiwa madiwani liwe hili: barabara ya zamani itakuwa ya nani, na fedha za kuitunza zimeandikwa katika bajeti ya mwaka upi?

Makadirio yenyewe nayo yanahitaji kuhojiwa. Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg, mtafiti wa Denmark, na wenzake walichapisha uchambuzi wa miradi 258 ya usafiri katika nchi mbalimbali, wakakuta kwamba miradi ya barabara ilizidi makadirio yake kwa wastani wa asilimia 20 hivi. Wastani huo hautuambii mradi ulio mbele yetu utagharimu kiasi gani, lakini unampa diwani yeyote makini sababu ya kuuliza: gharama zikizidi kwa kiasi hicho, nani atafidia pengo, na kwa kupunguza nini?

Sisemi haya kwa sababu naipinga barabara. Anayeishi kandokando ya barabara kuu inayopitisha malori usiku kucha ana haki ya kutaka nafuu, na nafuu hiyo ni suala la ustawi kama lilivyo suala la uchukuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji, alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Katika mtaa uliopitisha magari yapatayo 2,000 kwa siku, wakazi walikuwa na marafiki mara tatu zaidi mtaani kwao kuliko wakazi wa mtaa uliopitisha yapatayo 16,000. Jirani anayeweza kuvuka barabara kuja kukujulia hali ni msaada ambao hakuna halmashauri inayoweza kuununua. Hoja hii ni nzito, na ningependa wanaounga mkono mradi waitumie zaidi kuliko ile ya kuokoa dakika chache za foleni.

Lakini nafuu hiyo haiji yenyewe kwa kujenga mchepuko. Inategemea kwanza ni magari mangapi yanapita tu na mangapi yanaishia mjini. Anayekwenda sokoni, shuleni au hospitalini hatatumia barabara inayouzunguka mji, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Kuhesabu magari yanayopita mbele ya ofisi ya halmashauri hakutoshi. Lazima madereva waulizwe wametoka wapi na wanakwenda wapi, au magari yale yale yatambuliwe yanapoingia na yanapotoka. Matokeo ya uchunguzi huo yakiwa hayajawekwa hadharani, anayeahidi kwamba msongamano utaisha anaahidi asichokijua.

Kuna jambo la kelele pia, ambalo watu wengi hawalitarajii. Magari yakipungua kwa nusu, huku mwendo na mchanganyiko wake vikibaki vile vile, kelele hushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Kinacholeta tofauti ya kweli ni kuondoka kwa malori. Ndivyo ilivyo pia kwa uharibifu wa lami: majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli (mhimili wa magurudumu) iliyobeba uzito maradufu huumiza barabara takriban mara 16. Kwa hiyo, ikiwa malori yanayopita tu yatazuiwa kisheria kuingia mjini, na zuio hilo likasimamiwa, wakazi watalala na bajeti ya matengenezo itapumua. Bila zuio hilo, nafasi iliyoachwa wazi itajazwa na safari mpya. Kamati ya wataalamu nchini Uingereza ilikiri mwaka 1994 kwamba barabara mpya huweza kuzalisha safari ambazo zisingekuwapo, na utafiti wa wanauchumi Gilles Duranton na Matthew Turner uliochapishwa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba katika miji ya Marekani safari za magari ziliongezeka karibu sambamba na urefu wa barabara kuu zilizoongezwa.

Liko jambo moja katika michoro ambalo naomba lisipitwe haraka. Mataa mengi ya kuvukia hupangwa kwa kudhani kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, barabara yenye upana wa mita 14 huvukwa kwa sekunde 12 hivi. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 17 na nusu, yaani taa ikibadilika atakuwa amebakiza zaidi ya mita 4 mbele ya magari yanayosubiri kuondoka. Kama mchepuko utapita kati ya makazi na kituo cha kutwa, baadhi ya wanaokitegemea wataacha kwenda bila mtu yeyote kukifunga, na baadaye takwimu zitasema mahitaji yamepungua. Basi mhandisi na ofisa ustawi wakae juu ya ramani moja kabla usanifu wa kina haujakamilika, na anayetumia kiti cha magurudumu awe pamoja nao wakiamua kivuko kikae wapi.

Najua wapo watakaosema kwamba kudai yote haya kwa pamoja ni njia ya kuuchelewesha mradi, na kwamba maelezo ya gharama za uendeshaji yanaweza kufuata baada ya kura. Naomba mwenye mtazamo huo atueleze jambo moja: mkataba ukishasainiwa na mkandarasi akiwa ameshafika kazini, diwani atakuwa na uwezo gani uliobaki wa kubadilisha kiasi ambacho barabara hiyo itadai kila mwaka kutoka fungu linalowahudumia wazee?