"Onyesho la watoto" kwa jina tu: ukumbini hakuna kilichobadilishwa

Wakuu, kila mzazi akiuliza kwa nini mwanawe alilia na kutaka kutoka siku yake ya kwanza sinema, jibu ni lile lile: "Bado mdogo, atazoea." Tuache kumsingizia mtoto. Tatizo kubwa liko kwa wanaoendesha ukumbi, na lingeweza kurekebishwa kabla hata mlango haujafunguliwa.

Sauti kwanza. Mashine za sauti za kumbi nyingi zina kipimo cha 0 hadi 10, na 7 ndicho kiwango ambacho mafundi walitumia kuchanganya sauti ya filamu. Kwenye 7, mkondo mmoja wa spika za mbele unaruhusiwa kufika desibeli 105 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwenye vishindo, na ule wa besi 115. Sasa ninyi wenye kumbi mnatangaza onyesho la watoto wa miaka mitatu, halafu kipimo mnakiacha palepale kilipokuwa jana usiku kwenye filamu ya vita! Kukishusha kutoka 7 hadi 5 kunapunguza karibu desibeli 7. Maneno bado yanasikika vizuri, ila mlango ukibamizwa kwenye filamu mtoto harukiwi na moyo. Kuhusu vifaa vya kusikilizia muziki, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na 75 kwa watoto. Yaani inajulikana kabisa kwamba sikio la mtoto linahitaji tahadhari zaidi.

Halafu trela, vile vipande vya kutangaza filamu zijazo. Filamu nzuri ya watoto ina vipindi vya utulivu. Trela haina; ni dakika mbili za kishindo juu ya kishindo. Zipange tano, ongeza matangazo ya biashara, na dakika 20 zimekwisha kabla katuni haijaanza. Mtoto wa miaka mitatu ameshamaliza uvumilivu wake wote kwa vitu ambavyo hakuvifuata, kisha filamu ya dakika 90 inaanza na watu wanamshangaa anapogaagaa sakafuni. Onyesho la kwanza la mtoto linatakiwa liishe ndani ya saa moja na robo, trela zikiwemo.

Taa nazo. Zinazimwa ghafla, pyuu! Mtoto hajui kama hilo ni jambo la kawaida au hatari imeingia. Macho yanahitaji dakika kadhaa kuzoea giza, na katika dakika hizo hata uso wa mama aliye pembeni yake haoni vizuri. Taa za ukumbi zikibaki na theluthi moja ya mwanga wake, picha inapauka kidogo tu, na mtoto hajali kupauka huko.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni viti. Kiti cha kujikunja kina springi iliyopangwa kwa uzito wa mtu mzima. Mtoto wa kilo 13 akiegemea nyuma, uzito wake unakaa karibu na bawaba, kwa hiyo ukingo wa mbele unanyanyuka na kumkunja, magoti kifuani, na vidole vinaweza kubanwa ubavuni mwa kiti. Akisogea mbele kiti kinatulia, lakini mgongo hauna pa kuegemea na kichwa cha mtu wa mbele kinaziba skrini. Dawa yake ni kiti cha nyongeza, kile cha plastiki kigumu chenye kingo, kinachowekwa juu ya kiti cha ukumbi na kufika hadi ukingo wake wa mbele. Kumbi nyingine wanavyo, vimerundikwa stoo, na hakuna mhudumu anayekutajia mpaka uulize. Kama hakuna, mpakate. Usiweke koti lililokunjwa, linateleza.

Kwa mzazi anayekwenda kesho: chagua safu za theluthi ya nyuma, kiti cha kando ya njia ya katikati. Usikae safu ya mwisho wala ukutani, maana spika za pembeni zinakuwa juu ya kichwa chake. Onyesho la 3D, lile la kuvaa miwani maalumu, achana nalo. Miwani hiyo imetengenezwa kwa uso mpana, inamdondoka, na bila hiyo anaona picha mbilimbili. Vifunika masikio vya watoto mvalishe nyumbani siku mbili tatu kabla, kwa sababu ukimvalisha mara ya kwanza gizani atavitupa. Bisi hapana kabla ya miaka minne. Punje na maganda yake hupalia, na gizani huwezi kuona mtoto ameacha kupumua vizuri. Chooni mpeleke kabla, umfute mikono kwa kitambaa. Utafiti uliochapishwa Kanada mwaka 2019 ulipima mashine za kukaushia mikono kwenye urefu wa masikio ya watoto, ukakuta nyingine zinapita desibeli 100. Mtoto aliyetishwa chooni haingii ukumbini kwa amani.

Lakini haya yote mzazi anafanya peke yake, akiwa amelipa tiketi ya kitu kilichoitwa cha watoto. Kabla ya kununua, piga simu uulize manne: kipimo cha sauti kitakuwa ngapi? Taa zitabaki? Trela ngapi? Viti vya nyongeza vipo? Wasipoweza kujibu, hilo si onyesho la watoto.

Na mkiambiwa "mitambo inajiendesha yenyewe, hatuwezi kugusa", msikubali. Matangazo, trela na filamu vimepangwa kwenye orodha moja ndani ya kompyuta, na orodha hiyo ndiyo inayobeba amri ya kuzima taa. Aliyeandika amri ya kuzima anaweza kuandika ya kuzififisha, akaongeza ya kushusha sauti, akafuta trela nne. Ni kazi ya dakika chache, tena ikishahifadhiwa inatumika kila wiki.