Naomba ushauri: kuchapisha nakala ya uso wa Kristo wa Claude Mellan

Habari zenu wakuu. Nataka kumchapishia mama nakala ya picha iitwayo Leso ya Mtakatifu Veronika (kitambaa kinachosemekana kubaki na alama ya uso wa Kristo), aliyoichonga Mfaransa Claude Mellan kwenye bamba la shaba mwaka 1649, enzi za baroko, mtindo wa sanaa wa Ulaya wa wakati huo. Uso wote wa Kristo, pamoja na taji la miiba na matone ya damu, ni mstari mmoja tu unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka kwenda nje. Mstari ukinenepa kinatokea kivuli, ukikonda unatokea mwanga. Sijaona picha ya dini ya karne ile inayonigusa kama hii.

Faili lenye ubora mkubwa nimelipakua bure kwenye tovuti ya Metropolitan Museum, makumbusho ya sanaa ya New York. Shida ni uchapaji. Sampuli niliyopewa ilitoka na mawimbi mawimbi mashavuni, mistari myembamba imekatika, na karatasi inang'aa kama ya kalenda.

Je, karatasi ya pamba isiyong'aa itaishika mistari vizuri? Nibaki na ukubwa wa asili, kama sentimita 43 kwa 32, au nikuze kidogo? Na ile rangi ya karatasi kuukuu niiache, au nigeuze iwe nyeusi na nyeupe tupu? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, hata kwa kunitajia aina ya printa inayofaa.