Mjusi wangu dume amegoma kula, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Mwanza, nafuga mijusi wawili wa mawe, wale ambao dume ana kichwa chekundu na mwili wa bluu. Tangu usiku wa Julai uanze kupoa, dume hali. Wiki ya pili sasa amejibanza chini ya jiwe, rangi imefifia, nikimgusa anafumbua jicho moja tu. Jike anakula vizuri.

Nimempa panzi na nyenje, na mchana nawasha balbu ya wati 60. Anaota kidogo, anarudi kujificha.

Najua mijusi wa Ulaya hulala kipindi cha baridi, lakini baridi yetu si ya namna ile, ndiyo maana nina wasiwasi sana. Je, nimwache apumzike, au huyu anaumwa? Na maji nimpeje? Natanguliza shukrani.